Viza ya Dubai kwa Wanaofanya Kazi Mtandaoni: Tathmini Baada ya Mwaka Mmoja

Viza ninayoieleza hapa ni ile inayomruhusu mtu mwenye mwajiri au kampuni nje ya Falme za Kiarabu kuishi Dubai kwa mwaka mmoja, huku akiendelea na kazi yake ileile kwa njia ya mtandao. Nimeitumia kwa mwaka mzima nikiwa mhasibu wa kampuni moja ya Uholanzi, baada ya kuingia na kutoka mara kadhaa kwa viza ya matembezi, nikihesabu siku zilizobaki kila nilipofungua pasipoti. Ndugu na marafiki wa Dar es Salaam, Unguja na Mombasa wameniuliza mara nyingi kama inafaa. Inafaa, tena sana, kwa mwenye mkataba mmoja ulionyooka. Kwa anayejikusanyia riziki kutoka kwa wateja wengi, itamsumbua hata kama kipato chake ni kikubwa kuliko changu.

Dubai ilipoitangaza viza hii mnamo Oktoba 2020, ilimtaka mwombaji awe na kipato kisichopungua dola 5,000 kwa mwezi. Kiwango hicho kilishushwa baadaye hadi dola 3,500, na hicho ndicho nilichokikuta nilipoomba mwaka 2023. Wakati huo mwajiriwa alitakiwa kuonyesha mkataba wa kazi, hati ya mshahara wa mwezi uliopita na taarifa za benki za miezi mitatu, pamoja na pasipoti yenye uhai wa angalau miezi sita na bima ya afya inayokubalika huko. Mwenye kampuni yake mwenyewe huthibitisha kwamba ameimiliki kwa mwaka mmoja au zaidi. Rafiki yangu mmoja wa Zanzibar, mfasiri mwenye wateja sita katika nchi nne, alikwama katika sharti hilo la mwisho: fedha alikuwa nazo, taarifa zake za benki zilikuwa nzuri, lakini leseni yake ya biashara ilikuwa na umri wa miezi minne tu, na hakuna hata mteja mmoja kati ya hao sita aliyekuwa tayari kumwandikia mkataba wa ajira. Hakuona haja ya kupoteza ada, akaahirisha.

Mimi kosa langu lilikuwa la aina nyingine. Nilimlipa wakala mmoja wa Dar es Salaam dola 400, ambazo aliziita za kuharakisha, nikiamini kwamba kuna mlango anaoujua yeye ambao mimi siujui. Alichokifanya ni kujaza fomu ambayo ningeweza kuijaza mwenyewe jioni moja, akaambatisha barua ya mwajiri wangu bila kuisoma. Barua ilisema kwamba nimeajiriwa, ila haikutaja popote kwamba naruhusiwa kufanya kazi nikiwa nje ya nchi ya mwajiri, na kwa mujibu wa aina ya viza yenyewe hilo ndilo neno lililopaswa kutangulia. Ombi likarudishwa ili lirekebishwe. Niliandika upya na Waholanzi wangu, nikatuma mwenyewe, na fedha za yule kishoka sikuziona tena. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba fomu si ngumu, na anayehitaji msaada akiwa Dubai atapata vituo vilivyoidhinishwa vya huduma za uhamiaji viitwavyo Amer, ambako maombi huchapwa na kutumwa kwa ada inayojulikana.

Ukishapata kibali cha kuingia, kinachofuata huenda kwa mpangilio ambao sina budi kuusifu. Unapimwa damu na kupigwa picha ya eksirei ya kifua, kwa kuwa kifua kikuu na virusi vya UKIMWI ni miongoni mwa mambo yanayoweza kumnyima mgeni ukaazi. Unachukuliwa alama za vidole. Kisha unasubiri kitambulisho. Tangu mwaka 2022 stika ya ukaazi haibandikwi tena kwenye pasipoti, na kadi hiyo, inayojulikana kwa jina la Emirates ID, ndiyo ushahidi wa kwamba wewe ni mkaazi. Mama yangu alipoikagua pasipoti yangu niliporudi likizo, akakosa kuona stika mpya, aliamini kwa siku mbili nzima kwamba nimetapeliwa.

Kadi hiyo ndiyo bidhaa yenyewe unayoinunua. Kwa viza ya matembezi utaishi hotelini au katika chumba cha kupanga kwa mwezi, ukilipa bei ya mgeni. Ukiwa na kadi unaweza kufungua akaunti ya benki, kusajili laini ya simu kama mkaazi, kuomba kudhamini mwenza na watoto, na kuandikisha mkataba wa pango katika mfumo wa Ejari. Hapo kwenye pango, hata hivyo, ndipo gharama zilipojificha, na ndipo ninapomtaka msomaji asome taratibu. Kodi ya nyumba Dubai huhesabiwa kwa mwaka, na kwa kawaida hulipwa kwa hundi zilizoandikwa tarehe za mbele: moja, mbili, nne, kadiri mwenye nyumba anavyokubali. Mgeni wa wiki tatu hana kitabu cha hundi, kwa sababu akaunti yake ya benki bado ni changa au haijafunguliwa kabisa, na matokeo yake hudaiwa mwaka mzima kwa mkupuo. Juu ya hapo kuna ada ya dalali, ambayo mazoea yake ni asilimia tano ya kodi ya mwaka, kuna amana ya mwenye nyumba, na kuna amana ya dirhamu 2,000 ya maji na umeme kwa anayepanga fleti. Nilifika na akiba niliyodhani ni ya miezi minne. Ilikwisha kabla sijanunua godoro. Laiti ningejua, ningekaa kwanza katika fleti yenye samani inayolipiwa kwa mwezi, nikasubiri kitabu cha hundi kitoke, ndipo nikaanza kutafuta nyumba.

Kwa upande wa kazi yenyewe, intaneti ni ya kasi na umeme haukati, mambo ambayo kwa mtu aliyezoea kuweka jenereta karibu na meza hayahitaji maelezo. Saa za Dubai zinaitangulia Afrika Mashariki kwa saa moja tu, na tangu Januari 2022 mapumziko ya serikali ni Jumamosi na Jumapili, yakianza Ijumaa mchana, hivyo wiki yangu na ya Waholanzi zilikwenda sambamba. Tatizo ni simu. Ujumbe wa WhatsApp unapita, lakini kupiga simu kwa sauti au kwa video kwa WhatsApp kumezuiwa, na kwa sisi ambao jamaa zetu wote wako humo, hilo linauma. Mikutano ya kazi kupitia Zoom na Teams haikunisumbua. Wapo wanaopita njia za panya kwa kutumia VPN, programu inayoficha mahali mtumiaji alipo; binafsi sikuthubutu, kwa kuwa sheria inamtoza anayeitumia kutenda kosa faini ya kuanzia dirhamu 500,000 hadi 2,000,000, na mshahara wangu unajulikana.

Kuhusu kodi ya mapato, ni kweli kwamba Falme za Kiarabu hazikati kodi kwenye mshahara wa mtu binafsi, na wengi huishia hapo katika hesabu zao. Mtanzania asiishie hapo. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, mwenye makazi ya kudumu nchini ambaye alikuwapo nchini kwa sehemu yoyote ya mwaka wa mapato anahesabiwa kuwa mkaazi kwa mwaka huo, na mkaazi hutazamwa kwa mapato yake ya ndani na ya nje. Aliyeacha nyumba Mbezi na akarudi kula sikukuu ya Idi anapaswa kumwona mshauri wa kodi kabla ya kujitangazia msamaha.

Jambo moja sikulitarajia na sikulilipia: Kiswahili. Pale Deira, mtaa wa kale wa Dubai, karibu na hori ambako majahazi bado yanapakia, nilisikia Kiunguja safi kutoka kwa wazee wenye kanzu ambao jamaa zao wako Muscat na Zanzibar, na mmoja wao ndiye aliyenielekeza kwa mwenye nyumba aliyekubali hundi nne.

Viza sikuihuisha. Mwezi wa kumi mwajiri wangu aliubadilisha mkataba kuwa wa malipo kwa saa, kipato kikawa kinapanda na kushuka, na nikajikuta katika kundi la yule rafiki yangu mfasiri. Nilifuta ukaazi mwenyewe kabla ya tarehe, nikafunga akaunti ya umeme na maji, na dirhamu 2,000 zangu zikarudi kamili.