Soli Iliyobaki Nuuksio: Uzoefu Wangu wa Kukodi Buti za Theluji

Naandika nikiwa bado na hasira ingawa miezi imepita, na huenda hasira hiyo imenizidi. Msomaji atapima mwenyewe. Duka lenyewe silitaji. Ni duka dogo la kukodisha vifaa vya majira ya baridi pembezoni mwa Helsinki, nchini Ufini, ambako mimi na rafiki yangu wa Tanga tulikodi buti za baridi pamoja na vile viatu vipana kama ungo, vinavyofungwa chini ya buti ili mtu asizame katika theluji laini.

Ilikuwa wiki chache baada ya mwaka mpya. Nilipoijaribu buti ya kulia nilihisi kisigino kinabonyea kupita kiasi, nikamwambia mhudumu. Hakuinama hata kuitazama. Alinitazama mimi, kisha akasema kwamba sisi tunatoka kusiko na theluji, kwa hiyo buti yoyote ya baridi ingetushangaza. Mimi ni mzaliwa wa Moshi. Kilele cha Kibo nilikiona kutoka uani kwetu kila asubuhi isiyo na mawingu. Ni kweli kwamba sikuwahi kukigusa, na theluji ya kwanza kuishika mkononi niliishika Ufini nikiwa mtu mzima. Lakini kisigino kinachobonyea ni kibovu hata Moshi. Nilinyamaza kwa kuwa basi lilikuwa linakaribia, na kosa hilo la kunyamaza ni langu.

Tulishuka Nuuksio, hifadhi ya taifa iliyo upande wa Espoo, tukafuata njia inayoanzia karibu na ziwa la Haukkalampi. Kwa muda wa saa nzima nilisahau duka na watu wake. Baridi ilikuwa nyuzi 14 chini ya sifuri, na katika baridi ya namna hiyo theluji hulia chini ya mguu, mlio mkavu kama wa mtu anayekanda unga wa muhogo ndani ya mfuko. Matawi ya misonobari yalikuwa yameinama kwa mzigo, na mara moja moja tawi lilijitikisa lenyewe likamwaga vumbi jeupe bila upepo wowote. Nembo ya hifadhi hiyo ni kindi anayeruka, ambaye hutoka usiku. Hatukumwona, wala hatukumtafuta. Rafiki yangu, ambaye kwa kawaida hanyamazi, alinyamaza. Vile viatu vya ungo navyo, lazima niseme haki, vilikuwa vizuri ajabu: tulipita juu ya theluji ambayo bila vyenyewe ingetufika magotini.

Kisha, tulipokuwa tukipanda kijilima, nikanyanyua mguu wa kulia na kuona unyayo umekuwa mwepesi.

"Mdogo wangu, simama," rafiki yangu alisema kutoka nyuma. "Umedondosha kitu."

Kitu chenyewe kilikuwa soli. Tangu kisigino hadi katikati ya unyayo ilikuwa imebaki kwenye theluji, na nilipoiokota ilivunjika vidoleni kama kashata iliyokaa mwaka mzima. Siyo kwamba ilibanduka kwa gundi kuisha, ilimomonyoka. Fundi viatu niliyempelekea kipande kile baadaye hakushangaa hata kidogo. Alinieleza kwamba povu la poliurethani linalowekwa ndani ya soli nyingi huharibiwa polepole na unyevu wa hewa, miaka kwa miaka, hata kama kiatu kimekaa tu stoo, na nje kinaendelea kuonekana kipya. Baridi haikuwa na hatia, wala uzito wangu, wala Moshi. Kidole gumba kimoja cha mhudumu kingetosha kuligundua tatizo hilo pale dukani.

Kilichoniokoa ni mambo mawili. La kwanza, theluji ya baridi kali ni kavu kama unga na hailowanishi soksi upesi. La pili, dada yule wa Tanga haendi popote bila kanga, na siku hiyo alikuwa ameivaa shingoni chini ya koti. Aliizungusha kanga yote kwenye buti yangu, akaikaza kwa mafundo matatu, na maandishi yake yakakaa sawasawa juu ya vidole vyangu. Hivyo ndivyo nilivyochechemea hadi mahali pa kuota moto, ambapo kuni huwekwa na wasimamizi wa hifadhi na mpita njia hazilipii. Tulikunywa chai ya tangawizi, tukala sambusa zilizokuwa zimeganda kingo, halafu tukageuka, maana mwezi huo giza huanza kuingia saa kumi jioni.

Dukani mhudumu aliitazama kanga kwanza, soli baadaye. Akaniambia kwamba huenda ninaburuza miguu ninapotembea. Hapo nilipandisha sauti, na maneno niliyosema sitayaandika hapa. Rafiki yangu alinisogeza pembeni, akazungumza naye Kifini taratibu, na amana yetu ikarudi yote, pamoja na nusu ya kodi. Samahani haikutolewa. Nusu ile nyingine bado inaniuma kuliko ubaridi wa unyayo.

Kwa hiyo nilikuwa nimeamua kuandika kwamba mtu yeyote asikanyage duka lile. Lakini kila ninapokumbuka matawi yale na ukimya wa rafiki yangu, najua kwamba bila vile viatu vya ungo tusingefika hata nusu ya kijilima, na duka jingine lenye viatu hivyo liko mbali na njia ya basi letu. Labda niseme hivi: vikodini viatu vya ungo, buti mje nazo za kwenu. Au hapana, nikikumbuka yule bwana alivyonitazama, hata viatu vya ungo sivitaki.

Rafiki yangu ameniuliza juzi kama theluji ikianguka tena tutakwenda. Nimemjibu kwamba nitakwenda, ila yeye ndiye atakayeingia dukani, nami nitangoja nje na kanga.