Kikaango cha tefloni: uzoefu wangu wa miaka mitatu

Kikaango changu cha tefloni, ule utando usiogandisha chakula, nilikinunua kwa ajili ya mayai tu. Na kwa mayai, sijaona kinachokishinda: tone moja la mafuta, yai linateleza lenyewe hadi kwenye sahani, kukiosha ni kupitisha dodoki mara moja basi.

Kosa nililifanya mwaka wa pili. Nilikibandika kitupu kwenye moto mkali, simu ikaita, nikatoka. Niliporudi, kilikuwa kinafuka moshi mwembamba wenye harufu ya kuchoma pua, na utando katikati umegeuka kahawia. Nikazima moto, nikafungua madirisha yote, nikawatoa watoto nje. Usiku huo nilisoma kila nilichoweza kupata.

Miaka yote nilikuwa naogopa vile vipande vyeusi vinavyobanduka na kuingia kwenye chakula. Kumbe tefloni ngumu ukiimeza hupita tu tumboni bila kufyonzwa mwilini. Cha kuogopa ni joto. Ukipita nyuzi joto 260 hivi, utando huanza kuharibika, na kikaango kitupu hufika huko ndani ya dakika chache. Likizidi kupanda, moshi wake unaweza kumpa mtu homa, baridi na kifua kubana, na ndege wanaofugwa ndani huwaua. Chakula chenye majimaji kikiwemo, joto halipandi upesi namna hiyo.

Halafu kuna yale maandishi ya kwenye boksi, "haina PFOA". PFOA ni kemikali iliyotumika kiwandani kutengenezea tefloni. Mwaka 2023 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ni vizuri imeondolewa. Lakini mimi maandishi hayo hayanitoshi, kwa sababu utando wenyewe ni uleule na moto mkali unauharibu vilevile.

Nimejaribu pia cha kauri. Kilianza vizuri sana, ila haukupita mwaka mayai yakaanza kung'ang'ania. Cha chuma kizito nakipenda mno, kinastahimili moto wowote na kikizoea mafuta hakigandishi. Ila ni kizito kwelikweli, na ukipikia nyanya muda mrefu ule weusi wake unatoka.

Kazi nyingi sasa nafanyia kikaango cha chuma cha pua (stainless steel). Mwanzoni kilinitesa, kila kitu kinaganda, mpaka nilipojua kupima joto kwa maji: nadondosha tone moja, likichemka na kukauka, bado hakijapata moto; likijiviringa kama shanga na kukimbiakimbia, napunguza moto, natia mafuta, ndipo naweka chakula.

Kile kilichoungua nilikitupa. Nimenunua kingine cha tefloni, kidogo, cha mayai peke yake: mafuta yanatangulia kabla ya moto, moto wa wastani, mwiko wa mti, na simu ikiita naiacha iite.