Nimerudi Hyderabad: safari hii biriani imeshika nafasi ya pili

Kama uliwahi kusoma Hyderabad, India, na unafikiria kurudi, nina ushauri ambao enzi za uanafunzi nisingeutoa: usiimalize hamu yako yote kwenye biriani. Nilipokuwa Osmania University, kwetu sisi tuliotoka Afrika Mashariki kula nje maana yake ilikuwa biriani, na sahani ya mtu mmoja tulishiba wawili. Safari hii nimeuzunguka mji na pesa ya kuchagua mfukoni, na chakula kilichonikamata kuliko vyote ni cha Kitelugu, cha wenyeji wa eneo hili, kile tulichokuwa tukikipita mlangoni kila siku.

Biriani yenyewe bado ni hodari, tusiidhulumu. Tofauti na ya pwani yetu, ambako mchuzi na wali hupikwa mbalimbali, ya Hyderabad huanza na nyama mbichi ya mbuzi iliyolala kwenye mtindi na viungo. Juu yake unamwagwa wali ulioiva nusu, sufuria linazibwa kwa kinyunya cha unga, moto unapunguzwa, vyote vinamalizikia humo kwa mvuke. Huletwa na mchuzi wa pilipili nzima uliotengenezwa kwa karanga, ufuta na ukwaju. Mkahawa wa Shadab, ule wa upande wa mtaa wa Madina karibu na mnara wa Charminar, walinipa nyama iliyokuwa ikiachia mfupa yenyewe, na wali wenye harufu ya zafarani mpaka chini ya sahani. Lakini kwenye mkahawa mmoja mkubwa wa upande mpya wa mji, wenye ghorofa na foleni ya watu wa kupiga picha, nililetewa wali mkavu na nyama ya baridi katikati, kwa bei ya juu zaidi. Jina kubwa siku hizi linauza sahani nyingi kuliko jiko linavyoweza kupika vizuri. Angalia sufuria zinavyoisha: pale zinapofunguliwa mpya kila mara, kaa ule.

Kwa mji mkongwe, nenda asubuhi. Treni ya mjini, Metro, ilianza 2017, sisi wa zamani hatukuwa nayo. Inakufikisha MGBS, kwenye kituo kikuu cha mabasi, kisha unachukua bajaji. Mkahawa wa Nimrah, ubavuni mwa Charminar, bado watu wanakunywa chai wakiwa wamesimama. Chai ya Kiirani inataka subira: majani yanachemka kwenye chombo chake, maziwa yanapunguzwa mpaka yawe mazito kwenye chombo kingine, vinakutana kikombeni tu. Chovya biskuti ya Osmania, yenye chumvi na sukari kwa pamoja. Ukitaka kitu cha kushika tumbo, tafuta nihari, mchuzi wa nyama uliochemshwa usiku kucha, na paya. Paya ni makongoro kabisa, ila mchuzi una viungo vingi zaidi na unaliwa na mkate wa tanuri.

Barkas nilikwenda kwa mara ya kwanza safari hii, na nasikitika kwamba tulipokuwa wanafunzi hakuna aliyetupeleka. Ni mtaa wa wajukuu wa askari wa Hadhramaut waliomtumikia Nizam, mtawala wa zamani wa Hyderabad, na mtu wa Mombasa au Unguja atajisikia yuko kwa jamaa. Mandi, wali na nyama vya Kiyemeni, inaletwa kwenye sinia moja, mnakaa chini, mnakula kwa mkono. Sasa mandi imeenea mpaka mtaa wa Tolichowki na kwingineko, lakini ya Barkas haina mbwembwe. Ukibahatika kufika Ramadhani utakuta halimu, ndugu wa bokoboko letu, ngano na nyama vikipondwa kwa saa nyingi kwenye masufuria yaliyojengewa matofali. Mimi nilifika nje ya msimu.

Sasa hicho cha Kitelugu. Mchana ingia popote palipoandikwa "meals", palipojaa wafanyakazi wa ofisini. Unawekewa jani la mgomba, wali, halafu mhudumu anapita na vyombo vyake bila kuulizwa. Mwanzo ni unga wa mbaazi zilizokaangwa na pilipili kavu, unauchanganya na wali wa moto na samli kijiko kizima. Ninyi wa Lindi na Mtwara mnaouza mbaazi India, hapa ndipo zinapopewa heshima. India ilipobana uingizaji wake mwaka 2017 bei kwetu ilianguka vibaya, na mpaka leo najiuliza kwa nini sisi wenyewe hatuli unga kama huu. Baada ya hapo dengu, mboga, rasamu, mchuzi mwepesi wa ukwaju na pilipili manga, achari ya embe kali sana, na mwisho mtindi wa kuzima moto. Wali unaongezwa mpaka ukatae kwa mkono.

Jioni tafuta mkahawa wa chakula cha Rayalaseema, eneo la jimbo jirani la Andhra Pradesh, na uagize ragi sangati kwa kuku wa kienyeji. Ni ugali wa ulezi, mweusi, umefinyangwa kama mpira, ila ndani wametia wali ukasongwa pamoja, hivyo ni laini kuliko wetu. Unachota, unabonyeza, unachovya kwenye mchuzi mwekundu wenye nazi na mbegu za giligilani. Nilimuita mhudumu kumwambia kwamba kwetu nasi tunakula ulezi, akaniongezea mchuzi bila kuuandika kwenye bili. Agiza pia nyama ya mbuzi kwa gongura, majani machachu ya jamii ya rozela. Ule uchachu unakata mafuta vizuri kuliko limao. Na tangu Telangana, ambako Hyderabad ndiyo makao makuu, itengwe na Andhra Pradesh iwe jimbo la peke yake mwaka 2014, nimeona mikahawa inayotangaza kwa fahari mikate ya mtama, chakula ambacho enzi zetu hukukiona kwenye menyu za mjini.

Malipo yanahitaji maandalizi. Kila mahali, hata kwa muuza chai, watu wanaskani kwa simu zilizounganishwa na benki za India, na kadi yako ya Dar au Nairobi haipokelewi kwenye vibanda. Tembea na noti ndogo ndogo za rupia.

Wanaokwenda na mgonjwa, kwa kuwa wengi wetu sasa tunaufikia mji huu kupitia hospitali, wasianze na chochote nilichokisifia hapo juu. Pilipili ya Andhra haina huruma kwa tumbo lililochoka. Asubuhi mpe idli mbili za moto, vimikate laini vya mchele vya mvuke, na chatne ya nazi, mchana wali na mtindi. Vinapatikana karibu kila mtaa, vinapikwa mbele yako na ni bei rahisi.