Kompyuta ya kuzamia yenye alamu ya kina: uzoefu wangu na wenza tofauti

Naanza na jibu maana najua wengi ndo mnalolitaka: ndio, nunua, ila hakikisha na unayezama naye ana ya kwake na mmeziseti sawa. Nimezama nayo na kaka yangu, nimezama nayo pia na watu niliopangiwa tu botini, na tofauti ya hao wawili ndo iliyonifanya niandike.

Yenyewe ni ya kuvaa mkononi kama saa, namba kubwa zinasomeka hata maji yakiwa na vumbi. Inakuonesha kina, muda uliokaa chini, na dakika ulizobakiwa nazo kabla haujalazimika kusimama njiani wakati wa kupanda. Alamu ya kina unaiseti mwenyewe, ukifika inalia na inatetemeka. Mtetemo ndo ulionifanya niichague, sababu chini ya maji sauti inakimbia zaidi ya mara 4 kuliko hewani na masikio yanashindwa kujua imetoka upande gani, sa mkiwa watu wanne wote na kompyuta, kikilia kitu kila mtu anadhani ni cha mwenzie na hakuna anayeangalia mkono. Mtetemo ni wako peke yako. Ukiivaa juu ya suti nene ya milimita 7 unapungua sana, mimi nakaza mkanda kabisa na baada ya kushuka kidogo naukaza tena maana suti inakuwa imebanwa na maji.

Na hilo la suti kubanwa ndo sababu alamu yangu iko mita 16, sio 18, japo leseni yangu ya mwanzo inaniruhusu mpaka 18. Unavyoshuka suti inasinyaa, unapoteza kuelea, unazidi kushuka bila hata kupiga pezi, yaani ukingoja ilie kwenye 18 mpaka uje uongeze hewa kwenye jaketi la kuelea umeshapitiliza. Alafu angalieni seti ya maji chumvi na maji baridi (yasiyo na chumvi), wengi wanairuka. Ikiwa kwenye maji baridi halafu uko baharini inakusomea kina kikubwa kidogo kuliko ulipo, kama nusu mita hivi kwenye 18, sa mwenzio kaseti chumvi wewe baridi mnaanza kubishana kwa ishara za mikono nani yuko chini zaidi.

Sasa nije kwenye lililoniuma. Kuna safari moja nilipangiwa mwenza ambaye hatujuani, jina la kampuni naliacha. Tukaongea kabla ya kuingia, tukakubaliana mita 18, akatikisa kichwa, tukakaguana mitungi na mikanda vizuri tu. Tumefika kwenye ukuta wa mwamba chini ya maji akaona samaki taa mkubwa anapita chini akamfuata. Mkono wangu ukatetemeka, nikasimama palepale, nikagonga mtungi, nikampa ishara ya kupanda, hakugeuka. Mapovu yake yakawa yanapanda mbele yangu, baadae hata hayo sikuyaona. Nikamtafuta dakika moja nikizunguka hapohapo, kisha nikapanda taratibu kama tulivyokubaliana kwamba tukipotezana tunakutana juu. Kumngoja pale juu kulikuwa kurefu sana jamani, acha tu. Alipotokea geji yake ya hewa ya mtungi iko kwenye nyekundu, na kompyuta yake imeandika mita 29.

Alichoniambia ni kwamba yeye ana leseni ya mita 30 kwaiyo alikuwa sawa. Hapana! Hakuwa sawa. Leseni ya 30 ni yake, lakini mapatano ya 18 yalikuwa yetu wawili, na kina cha wawili ni kile cha mwenye kiwango kidogo, basi. Regyuleta yake ya akiba, yaani kile kifaa cha kupumulia mdomoni, ndo msaada wangu mimi nikiishiwa hewa, na yangu ndo msaada wake, sa akiwa mita 29 na mimi niko 17 kila mmoja yuko peke yake baharini hata kama botini tumeandikwa pamoja. Na huko chini presha ni karibu mara 4 ya juu ya maji, kwaiyo kila pumzi inakula hewa karibu mara 4, ndo maana geji yake iliporomoka. Kuanzia kwenye 30 hivi naitrojeni iliyomo kwenye hewa nayo inaanza kulevya, mtu anajisikia vizuri tu huku hasomi geji. Nilisikitika zaidi kwamba mwongozaji hakumuuliza kitu.

Kompyuta yake ilikuwa na alamu kama yangu, bahati mbaya aliiacha kwenye 40. Kifaa kilikuwepo mkononi, kikakaa kimya.

Tangu hapo kabla hatujavaa mitungi namuomba mwenzangu tuoneshane skrini, alamu ya kina iwe namba moja, maji yawe aina moja, na tunataja hewa ya kugeukia: tukianza na bar 200 (presha ya hewa mtungini) yeyote akifika 100 anaonesha na wote tunageuka, 50 tuwe tumeshafika juu. Kaka yangu hapo hana shida, yeye hata ana leseni kubwa kuliko yangu lakini akizama na mimi anaseti 16 bila kuambiwa. Mgeni akisema hizo ni mbwembwe naomba nipangiwe mwingine, na asipopatikana nabaki botini.

Kasoro zake: menyu ina vipengele vingi mno, mara ya kwanza nililazimika kukaa na maelekezo, vitufe ni vidogo ukiwa na glavu, na ukibonyeza chochote alamu inanyamaza hata kama bado uko chini ya kina ulichoseti, hilo wangelirekebisha. Kaka anaitumia pia na hewa iliyoongezwa oksijeni, ukiiandikia asilimia 32 inakupangia mwisho wa kina kama mita 33 kwa kiwango cha presha ya oksijeni cha bar 1.4, na alamu ya mwisho huo haikubali kuzimwa kabisa. Ningependa na ya kina cha kawaida ingekuwa hivyohivyo.