Vijana wa mitaro waliotupimia maji chuoni Malindi, nawapa nyota 3 na nusu

Wiki hii watu watatu wameniuliza hawa jamaa waliotengenezea chuo chetu mpango wa mafuriko wakoje, basi naandika hapa mara moja nipumzike. Mimi ni wa stoo, si injinia, lakini maji yakiingia mimi ndio nabeba mafaili kichwani, kwa hivyo nina haki ya kusema.

Kuanza walianza vizuri mno. Nilidhani watakuja na drone na laptopu wapige picha waondoke, kumbe siku ya kwanza wakaenda moja kwa moja kwa mzee wetu wa geti, shikamoo mzee, mvua ikipiga sana maji huwa yafika wapi? Mzee akaitikia marahaba wanangu, nifuateni, akawapeleka nyuma ya maktaba ukutani kuna vialama vya makaa anavyopiga kila mvua kubwa, ya juu kabisa ni ile El Niño ya Novemba 2023. Sisi tumepita hapo miaka tukidhani ni watoto wamechora. Wakavipima vyote wakavitia kwenye ramani, alafu wakaenda jikoni kuuliza na akina mama.

Ramani ilipotoka watu walinyamaza, manake jenereta yetu, yaani kitu cha kutuokoa stima ikipotea, ndio imekaa sehemu ya chini kuliko zote, na chumba cha seva kiko ukuta kwa ukuta nayo. Hapo ndipo walipopata nyota zao nyingi kwangu. Hawakukimbilia kutuuzia zege. Walisema inueni jenereta na swichi kubwa juu ya jukwaa, vitabu vitoke rafu ya chini, dawa za maabara zipande gorofani. Kazi ya wiki mbili na pesa ya kawaida tu.

Kabro nayo, yale matofali ya kutandaza uani, wakaisema wazi, na bosi aliyeitandaza amekaa palepale mkutanini. Ardhi yetu hapa ni mchanga na matumbawe, ukiiachia wazi inakunywa maji yenyewe, sisi tukaenda tukaifunika ua mzima gari zisishike vumbi. Wakatupigia na hesabu ya paa la maktaba, mita za mraba kama 600, mvua ya milimita 50 ikishuka hio ni lita elfu 30, na tangi letu ni la elfu 10. Nilikua sijui kua milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, sasa kila paa ninayopita nahesabu kama mwehu.

Wa uhasibu akasema si ile ya 2023 ilikua mvua ya miaka mia, basi tumeshamaliza zamu yetu. Kijana akamjibu kwa adabu kabisa, mama, miaka mia maana yake kila mwaka una nafasi 1 kwa 100, jengo likikaa miaka 30 nafasi ya kuipata angalau mara moja ni kama 26 kwa 100, na hio ni hesabu ya hewa ya zamani, sasa hivi hewa ikizidi joto digrii moja inabeba unyevu zaidi kama asilimia 7 kwa hivyo ikimwaga inamwaga kweli. Mama alifunga daftari lake.

Sasa lawama. Ripoti ya kwanza haikua na bamvua, yaani zile siku bahari inajaa na kupwa kupita kawaida, hata neno moja! Mtaro wetu mkubwa unamwaga baharini, na huku kujaa na kupwa siku za bamvua kunapishana zaidi ya mita 3, mvua ikikutana na maji yamejaa mtaro unageuka, bahari ndio inakuja kwetu. Mvuvi yeyote angewaambia bure. Tulipolalamika wakarudi wakaweka mlango wa bawaba mwisho wa mtaro, unatoa maji wala hauingizi, wakashauri uwanja wa mpira uchimbwe ushuke kidogo uwe bakuli la kushikilia mvua mpaka bahari ipwe. Wazo zuri, ila watu wa michezo bado wamenuna.

Pia ratiba yao ya kuzoa takataka mitaroni ilisema Aprili na Oktoba. Jamani, huku masika yakipamba moto ni Mei lakini Aprili ushaanza kulowa, na Oktoba vuli iko mlangoni, utazoa saa ngapi? Tumesogeza wenyewe, Machi na Septemba.

Na mipaka yao ni ukuta wa chuo. Maji yakishatoka kwetu yanaenda kwa majirani, nilipouliza nikaambiwa hio si kazi tuliyolipiwa. Sikuipenda hio.

Bei si ya chini lakini walieleza kila shilingi, na vijana wana heshima. Ukiwaita waite kabla ya Februari, na siku ya kwanza wapeleke pwani maji yakijaa. Nusu nyota nyingine wataipata wakija kukaza nati ya mlango wa bawaba, manake simu hawashiki na mimi tangu Juni nimeufunga na waya.