Kipimo cha BioFire cha nimonia: kasi yake na mipaka yake

Kwa mgonjwa mahututi mwenye nimonia, kungoja siku mbili au tatu hadi maabara ioteshe bakteria kutoka kwenye makohozi ni kumtibu kwa kubahatisha. Hapo ndipo kipimo cha BioFire FilmArray cha nimonia kinapostahili sifa, kwani kwa muda wa takriban saa moja hutambua bakteria wa aina 18, virusi 8 na jeni 7 za usugu wa bakteria dhidi ya dawa, zikiwemo CTX-M, inayoashiria kwamba antibiotiki ya seftriaksoni huenda isifue dafu, na NDM, inayotilia shaka hata meropenemu, antibiotiki yenye nguvu zaidi.

Hata hivyo, hakithibitishi jeni iliyopatikana ni ya bakteria gani, wala hakitofautishi kwa uhakika vimelea vinavyosababisha ugonjwa na vile vinavyoishi tu katika njia ya hewa. Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kutokuwemo kwa OXA-23, jeni ambayo bakteria sugu aitwaye Acinetobacter wa wodi za wagonjwa mahututi huwa nayo mara nyingi. Daktari akisoma kwamba hakuna jeni ya usugu na kutulia, anaweza kumpa mgonjwa dawa isiyofanya kazi.

Ningekipendekeza kwa hospitali yenye maabara inayootesha vimelea na kupima dawa zinazoviua. Isiyo nayo ianze na maabara hiyo, maana vifuko vya kipimo hiki, ambavyo hutumika mara moja tu, ni ghali.