Fatehpur Sikri: Ipe Siku Nzima, Si Saa Mbili

Asalaam aleikum na habari zenu watazamaji wangu. Leo tunachambua safari ya siku moja kutoka Agra, kaskazini mwa India, kwenda Fatehpur Sikri, mji mkuu ambao mfalme Akbar wa Wamughal, ukoo wa Kiislamu uliotawala India, alianza kuujenga mwaka 1571 na kuuhama mwaka 1585. Hukumu naitoa mapema ili mwenye haraka asisubiri: nenda. Ila usinunue ile safari ya kuunganisha, gari linatoka Agra kwenda Jaipur, linasimama Sikri muda wa kupiga picha mbili tatu, dereva anapiga honi, mnaondoka. Hapo umelipa kiingilio kizima ukaona robo ya mji, na robo yenyewe umeiona mbiombio.

Najua wengi mnaonifuatilia mnafika India kwa matibabu au masomo. Mtu kampeleka mzazi hospitali Delhi, mgonjwa kaambiwa apumzike siku kadhaa kabla ya kurudi kwa daktari, na kila mtu anamshauri akaone Taj Mahal. Akaone, inastahili. Lakini Ijumaa Taj Mahal hufungwa, na watu wengi hugundua hivyo wakiwa wameshafika Agra. Fatehpur Sikri iko wazi kila siku, tangu jua linapochomoza hadi linapozama. Kwa hiyo ukijikuta Agra siku ya Ijumaa, siku yako haijaharibika. Jua tu kwamba makumbusho ya pale hufungwa siku hiyo, na adhuhuri msikiti unajaa watu wa swala.

Kufika si kazi. Ni mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka Agra. Mabasi yanatoka kituo cha Idgah, safari inachukua kama saa moja na ushee, na nauli haifiki rupia 100. Basi halina kiyoyozi na linasimama kila mahali, lakini linakushusha pale mjini chini ya kilima. Mkiwa watu watatu au wanne, chukueni teksi ya siku nzima, mkubaliane bei kabla ya kuingia, na mseme wazi kwamba mtakaa pale hadi alasiri. Gari halifiki hadi mlangoni. Linaachwa kwenye maegesho, halafu mnapanda basi dogo kwa nauli ya kawaida kabisa. Kiingilio cha mgeni ni zaidi ya mara kumi ya kile anacholipa Mhindi, kwa hiyo jiandae kutoa rupia zaidi ya 500. Hiyo tiketi ni ya upande wa majumba ya kifalme tu. Upande wa msikiti huingii kwa tiketi, na hili nitalirudia kwa sababu kuna watu wanaishi kwa kukuficha.

Ingia kwa mlango wa Diwan-i-Aam, baraza la watu wote, ili utokee mwisho karibu na msikiti. Majengo yote yamejengwa kwa jiwe jekundu la mchanga lililochongwa kwenye mgongo uleule wa kilima ambao mji umesimama juu yake. Ndiyo maana asubuhi, jua likiwa bado chini, huoni kilima kinaishia wapi na kuta zinaanzia wapi. Ukifika saa sita mchana rangi yote imefifia na sakafu inachoma. Kuanzia Oktoba hadi Machi ndio wakati wake. Mei na Juni joto linaweza kufika nyuzi 45, na mle ndani vivuli ni vya kutafuta.

Sasa tuje Diwan-i-Khas, baraza la faragha, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kwa nje unaona jengo la ghorofa mbili. Ukiingia, hakuna ghorofa ya pili: ni chumba kimoja kirefu kwenda juu, na katikati yake imesimama nguzo moja. Iangalie kutoka chini kwenda juu. Kitako chake ni mraba. Shina lina pembe nane, na limezungushwa mikanda ya nakshi. Halafu, juu kidogo ya kichwa chako, nguzo inatoa mikono 36 ya mawe iliyopindwa, safu juu ya safu, na mikono hiyo inabeba jukwaa la duara. Kutoka kwenye jukwaa kuna vijia vinne vinavyokwenda kwenye pembe nne za chumba. Waongozaji watakwambia Akbar alikaa pale juu akisikiliza wanazuoni wa dini mbalimbali wakijadiliana chini. Wataalamu hawajakubaliana chumba kile kilikuwa cha kazi gani hasa. Mijadala yenyewe ilikuwa na nyumba yake, Ibadat Khana, ambayo Akbar aliianzisha mwaka 1575. Mwanzoni waliitwa wanazuoni wa Kiislamu, baadaye wakaongezwa Wahindu, Wajaini, Wazoroasta, na mwaka 1580 wakafika mapadri Wajesuiti kutoka Goa, akina Rodolfo Acquaviva na Antonio Monserrate. Mimi nilizunguka nguzo ile mara nyingi na bado ningerudi kwa ajili yake peke yake.

Vikundi vya watalii vinaingia pale, vinapiga picha, vinatoka. Subiri kikundi kitoke. Kati ya kikundi na kikundi kuna dakika kadhaa za utulivu, na hapo ndipo unapoweza kusimama katikati ukatazama juu bila kusukumwa.

Panch Mahal ndilo jengo linalopigwa picha kuliko yote: ghorofa tano zilizo wazi zinazopungua kadiri zinavyopanda, nguzo 84 chini na nne tu kule juu, jumla 176. Zamani zile nafasi kati ya nguzo ziliwekewa viambaza vya mawe yaliyotobolewa ili wanawake wa kasri wapunge upepo bila kuonekana. Ni zuri, lakini ukiliona kutoka uani umeliona.

Mimi ningekwambia uhamishie muda wako kwenye kijumba kidogo kilicho pembeni ya bwawa la Anup Talao, kile wanachokiita nyumba ya Sultana wa Kituruki. Watu wanakipita. Kila shibri ya ukuta wake imechongwa: mizabibu, miti, ndege, wanyama wa msituni. Sogeza uso karibu uone vichwa vya wanyama wengi vimevunjwa kwa makusudi na watu waliokuja baadaye, huku majani ya miti yaliyo pembeni yamebaki mazima, makali kana kwamba patasi imetoka jana. Mafundi wengi wa mji huu walifuata ufundi wa Gujarat, ambako seremala na mwashi walichonga kwa mtindo mmoja. Mzoefu wa milango ya Kigujarati ya Mji Mkongwe Zanzibar atajikuta ananyoosha mkono kugusa. Usiguse, tafadhali. Jiwe hili ni laini, na jasho la mikono linaliharibu.

Kwenye ua mkubwa utaona mistari ya msalaba sakafuni. Ni ubao wa pachisi, mchezo uliozaa ludo tunayocheza sisi. Kwenye kasri linaloitwa la Jodha Bai, mke wa Akbar, nyanyua macho kwenye mapaa: kuna vigae vya buluu ambavyo bado vinang'aa.

Sasa swali ambalo kila mgeni anauliza: kwa nini mji huu uliachwa? Jibu la pale mlangoni ni moja, maji yaliisha. Mimi siridhiki nalo. Ni kweli maji yalikuwa tatizo. Mji ulitegemea ziwa lililozuiwa kwa ukuta, na mwaka 1582 ukuta ule ulibomoka. Lakini Akbar aliendelea kukaa pale miaka mitatu baada ya hapo. Kilichomwondoa mwaka 1585 ni kifo cha ndugu yake wa baba, Mirza Muhammad Hakim, aliyekuwa mtawala wa Kabul. Mpaka wa kaskazini magharibi ukabaki hatarini, Wauzbeki wakiunyemelea, na mfalme akahamia Lahore ili awe karibu. Alikaa huko hadi mwaka 1598, na aliporudi alirudi Agra. Mwaka uleule wa 1585 mfanyabiashara Mwingereza, Ralph Fitch, alipita hapa akaandika kwamba Agra na Fatehpur kila mmoja ni mkubwa kuliko London, na umejaa watu. Mji uliokauka hauandikwi hivyo. Mwongozaji anayekueleza habari ya Kabul, huyo anaijua kazi yake; mlipe vizuri.

Na mji haukufa wote. Toka nje ya majumba ya kifalme, vuka kwenda Jama Masjid, utakuta maisha. Msikiti huu unaswaliwa hadi leo, na katikati ya ua wake mwekundu kuna kaburi la Sheikh Salim Chishti, jeupe pee, la marumaru. Huyu walii ndiye chanzo cha mji mzima. Akbar alikuwa amezika watoto wake wachanga, akaja kwa sheikh kuomba dua, na mwaka 1569 akazaliwa mwanawe hapahapa Sikri, akapewa jina la Salim kwa heshima ya sheikh. Ndiye aliyekuja kutawala kwa jina la Jahangir.

Vua viatu, funika kichwa, ingia taratibu. Dari ndogo iliyo juu ya kaburi imepambwa kwa lulumizi. Kuta ni marumaru iliyotobolewa kwa matundu madogo madogo ya pembe sita na nyota, na kwenye matundu hayo kuna nyuzi nyekundu na za njano, maelfu, zimefungwa na watu wanaoomba mtoto. Waislamu wanafunga, Wahindu wanafunga. Kuna wanandoa pale wanaofunga uzi mikono ikitetemeka. Zima kamera kidogo. Video hii haina picha za ndani ya kaburi kwa sababu hiyo.

Upande wa kusini ndipo lilipo lango la Buland Darwaza, mita 54 ukipima kutoka chini ya ngazi. Kwenye maandishi yake mna maneno yanayonasibishwa na Nabii Isa: dunia ni daraja, piteni juu yake wala msijenge nyumba juu yake. Aliyeyaweka ni mfalme aliyejenga mji mzima pembeni yake, na nadhani alijua anachokisema.

Kasoro kubwa ya safari hii iko hapahapa msikitini. Kijana mmoja alinifuata kuanzia maegesho akidai ni mtumishi wa msikiti, kwamba bila yeye siruhusiwi kuingia, na mwisho akanipeleka kwa muuza shuka za kufunika kaburi, bei ya kutisha, eti ni sadaka ya mayatima. Hakuna sharti la namna hiyo. Kuingia ni bure, uzi ni rupia chache, na sadaka ni hiari yako. Mwambie hapana mara moja kwa adabu, kisha usijibu tena. Ukitaka mwongozaji, dai kitambulisho chenye picha cha serikali na mkubaliane bei kabla ya hatua ya kwanza. Kwa usumbufu huu nakata alama mbili: nane kwa kumi. Majengo peke yake ningeyapa kumi bila kusita.

Kwa wanaosafiri na wazee au mgonjwa anayepata nafuu: msipandishe mtu ngazi za Buland Darwaza, ziko zaidi ya 40 na zina mwinuko mkali. Ingieni kwa Badshahi Darwaza, lango la mashariki alilotumia mfalme mwenyewe, ngazi zake ni chache na kivuli kipo. Bebeni maji na soksi, maana ule ua wa mawe, bila viatu saa saba mchana, unaunguza nyayo, na kutoka langoni hadi kaburini ni mwendo.